Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Seva wa Pwani ya Kusini

Songo Mnara,
Wilaya ya Kilwa,
Mkoa wa Lindi.

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi wa Halmashauri, Wakuu wa Taasisi, na Maafisa TEHAMA wote wa mikoa ya Lindi na Mtwara,

YAH: KUANGUKA KWA SEVA ZINAZOTEGEMEA HIFADHI YA MTANDAO

Naomba idhini yenu niseme jambo ambalo, ijapokuwa laonekana kuwa ni la mafundi na vyumba vyenye viyoyozi, limekwisha kuwa jambo la kila mtu mwenye mgonjwa wa kupeleka hospitali, ushuru wa kulipa, au mtoto wa kuandikishwa. Nalo ni hili la seva zinazoanguka, zikainuliwa kwa haraka, kisha zikaanguka tena kwa sababu ile ile iliyoziangusha mwanzo, pasiwe na mtu awezaye kuitaja sababu hiyo. Nimewahi kufanya kazi ya kuitunza mitambo ya namna hiyo kwa muda wa kutosha kuzijua tabia zake, na sasa naishi kisiwani, upande wa wale wanaofikiwa na madhara yake. Kwa hiyo naandika kama mtu aliyekaa mbele ya dirisha la karani na nyuma yake pia.

Mtu wa Songo Mnara akitaka huduma ya ofisi hana budi kuyatazama maji na upepo kwanza, kisha apande chombo mpaka Kilwa Masoko, na pengine aendelee na safari ya nchi kavu baada ya hapo. Akifika akaambiwa, "Mfumo umeanguka, njoo kesho," kesho hiyo si ya bure: ni nauli nyingine, ni siku nyingine ya uvuvi iliyopotea, na kwa mwenye mgonjwa huenda ikawa ni zaidi ya hayo. Zamani, daftari likiwa kabatini, karani aliweza kuandika hata umeme ukikatika. Leo malipo ya Serikali yanadai kontroo namba, na namba hiyo hutolewa na mashine, hata mwenye fedha taslimu mkononi hawezi kulipa ikiwa mashine haipo. Sisemi turudi kwenye daftari, kwani lilikuwa na wizi wake na upotevu wake. Nasema tu kwamba aliyeliondoa daftari amejitwika dhamana ya kile alichokiweka mahali pake.

Mwezi wa Mei wa mwaka 2024 ulitufundisha jinsi tunavyoyachanganya mambo. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, na mvua zilizofuatana nacho zikaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga. Na haikupita muda, tarehe 12, kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zikakatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ikadhoofika Tanzania na katika nchi jirani. Wakubwa kwa wadogo walikuwa na kauli moja, "Mtandao hakuna," na kauli hiyo hutumika vile vile siku ambayo kebo za baharini ni nzima na tatizo limo chumbani. Lakini kwa fundi haya ni maradhi matatu yaliyo mbalimbali: kuna njia ya nje iliyokatika, ilhali chumba cha mitambo kizima hakina kasoro, kuna seva yenyewe iliyokufa, kwa umeme, kwa joto, au kwa chumvi ya hewa ya pwani iliyokula viungio vyake, na kuna seva iliyo hai kabisa, ila imepotewa na njia ya kuifikia hifadhi yake. Hili la tatu ndilo lisilofahamika upesi, na ndilo ninalotaka kulieleza.

Katika ofisi za zamani kila seva ilikuwa na diski zake tumboni, na iliyokufa ilikufa na mali yake. Siku hizi seva moja yenye nguvu hubeba mashine pepe nyingi, yaani kompyuta zisizo na kiwiliwili, ambazo ni programu tupu zinazoishi ndani ya kompyuta yenye kiwiliwili: moja ya malipo, moja ya mishahara, moja ya kumbukumbu za wagonjwa. Na ili mashine hizo ziweze kuhamishwa kutoka seva hii kwenda ile bila ya kusimamishwa, diski zao haziwekwi ndani ya seva yoyote, bali katika hifadhi ya pamoja ambayo seva zote huifikia kwa mtandao wa chumbani, kwa itifaki kama iSCSI au NFS, au kwa mfumo kama Ceph unaozieneza data katika diski za seva kadhaa. Ni mpango wenye hekima, nami siupingi. Walakini una gharama ambayo aghalabu haitajwi siku ya kununua, nayo ni kwamba tangu siku hiyo waya wa mtandao umekuwa sehemu ya diski, na kila kasoro ya waya, ya swichi, au ya mpangilio wake, huonekana na mashine pepe kama kwamba diski yenyewe imekufa.

Basi njia hiyo ikizibika, mauti hayaji mara moja. Huja kwa muda uliopimwa na watengenezaji, na asiyeijua mipaka ya muda huo hawezi kuyafasiri ayaonayo. Linux, isipobadilishwa, huipa amri moja ya diski sekunde 30 kabla ya kuanza kuishuku. Programu yake ya iSCSI huingoja njia iliyopotea kwa sekunde 120 kabla ya kukiri kuwa imekosa. Na ESXi ya VMware, mfumo wa kubebea mashine pepe, huvumilia sekunde 140 pindi njia zote zipoteapo. Ndani ya muda huo mashine huwa haijafa, bali imeganda: hujibu ikiitwa kwa ping, ila haiandiki lolote. Kosa likiisha kuifikia mashine pepe, mifumo mingi ya Linux huigeuza diski kuwa ya kusomwa tu, isiandikwe, kwa kuhofia kukiharibu kilichomo. Na hifadhi ya NFS iliyofungwa kwa sharti la kungoja itangoja pasipo kukata tamaa, mpaka njia irudi. Hapo ndipo anapoingia mtu mwenye haraka, akaiona skrini imeganda, akachomoa umeme. Na jambo ambalo huenda lingepona lenyewe baada ya dakika mbili likageuka kuwa faili zilizokatika katikati ya kuandikwa.

Kuna na maradhi mengine yanayowababaisha hata mafundi wazoefu, nayo ni ya seva inayojizima na kujiwasha yenyewe bila ya kuacha neno. Fundi hufungua kumbukumbu za mfumo, akakuta mstari wa mwisho ni wa kawaida kabisa, na unaofuata ni wa kuwaka upya, akahukumu kuwa umeme ulikatika. Huenda ni kweli. Lakini ikiwa seva hizo ni za kundi moja linalolindana, lipo jambo jingine la kudhania: seva za kundi huamkiana kila mara kwa salamu fupi fupi, na ile isiyozisikia salamu za wenziwe hujiona imetoka katika akidi; na madhali haiwezi kujua kama ni wenziwe waliokufa au ni yenyewe iliyotengwa, kanuni yake huiamuru ijiue, ili mashine pepe zake ziamshwe kwingine pasitokee mbili zinazoandika katika diski moja. Katika Proxmox, mfumo mwingine wa kubebea mashine pepe, seva iliyowekewa ulinzi huo hujizima kwa nguvu baada ya takriban sekunde 60 za kukosa akidi. Seva ya namna hii haikuharibika. Imetii amri iliyopewa, na wa kulaumiwa ni aliyezipitisha salamu hizo katika waya ule ule unaobeba data za hifadhi, hata usiku, nakala rudufu zinapoanza kuchukuliwa na waya ukajaa, salamu zikakawia, na seva zote za kundi zikajiua kwa pamoja. Fundi asiyelijua hilo ataibadilisha kumbukumbu ya ndani (RAM), atabadilisha betri, atainunua hata seva mpya, na wiki ijayo zitajiua tena saa ile ile.

Kwa ajili hiyo nasema ushahidi ukusanywe kabla ya kuwasha. Sisi wa kisiwa hiki tumeishi karibu na watu wenye nidhamu hiyo. Wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, walipoanza mwaka 2009 kuyachunguza magofu ya Songo Mnara, mji wa mawe wa karne ya 14 hadi ya 16 ambao UNESCO iliuandika pamoja na Kilwa Kisiwani katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, hawakuwa wakiokota vitu na kuvitia kikapuni. Kila kilichoonekana kilipimwa na kuandikwa pale pale kilipolala. Katika kazi hiyo ilipatikana akiba ya sarafu za shaba za Kilwa zaidi ya 300. Sarafu hizo zimeandikwa majina ya masultani, lakini hazikuandikwa mwaka. Walakini kwa kuwa zilikutwa pamoja, mahali palipojulikana, ziliweza kushuhudia kwamba fedha za masultani mbalimbali zilikuwa zikizunguka kwa wakati mmoja, jambo ambalo sarafu iliyookotwa ufukoni na kuuzwa kwa mgeni haiwezi kulisema kamwe. Mstari mmoja wa kosa katika seva una hali hiyo hiyo: peke yake hausemi kitu, ila ukisomwa pamoja na yaliyoandikwa na swichi, hifadhi, na seva jirani katika dakika ile ile, huwa ni ithibati. Na anayewasha kabla ya kuandika huvuruga tabaka lote.

Maandalizi ya ushahidi huo hufanywa siku ya afya, wala si siku ya ugonjwa. Seva iliyopotewa na diski yake haiwezi kuandika habari za kifo chake katika diski hiyo hiyo. Kwa hiyo sharti kumbukumbu zake zitumwe, mstari kwa mstari, kwenye kompyuta nyingine isiyoitegemea hifadhi ile. Linux inayo netconsole, ambayo huyarusha maneno ya mwisho ya kiini cha mfumo kupitia mtandao, na inayo kdump, ambayo huhifadhi sura ya kumbukumbu ya ndani pindi kiini hicho kinapoanguka. Zote mbili ni za bure, na zote mbili hazina faida zikiwekwa baada ya msiba. Fauka ya hayo, saa za mitambo yote zilinganishwe kwa NTP, kwani swichi ikiwa nyuma dakika tatu na seva ikiwa mbele dakika mbili, fundi atakiona chanzo kimetokea baada ya matokeo yake, naye atamtia hatiani asiyekuwamo.

Akiisha kuukusanya ushahidi, fundi na aanze na swali moja kabla ya yote: je, imeanguka seva moja, au zimeanguka zote kwa pamoja? Ikiwa ni moja, na nyingine zaendelea kuifikia hifadhi ile ile bila taabu, basi atafute ndani ya hiyo moja: kumbukumbu ya ndani yenye hitilafu, kipoza joto kilichosimama, kifaa cha umeme kilichochoka, kadi ya mtandao au kebo iliyolegea. Ikiwa ni zote, kuzifungua moja moja kwa bisibisi ni kupoteza siku. Atazame kile zinachoshirikiana, yaani swichi, hifadhi, na umeme unaovilisha viwili hivyo. Na katika swichi lipo kosa moja lenye hila ambalo limewala mafundi wengi: seva na hifadhi zimepangiwa pakiti kubwa za baiti 9000, ilhali swichi moja katikati imebaki na za kawaida za baiti 1500. Ping ndogo hupita, kuingia katika mfumo hupita, hata faili ndogo hupita. Ila mashine pepe inapoandika kwa wingi, kila kitu huganda. Jaribio lake ni kutuma ping ya baiti 8972, ambazo pamoja na vichwa vyake vya baiti 28 hutimiza 9000, na kuikataza isikatwe vipande njiani. Isipopita, mhalifu amepatikana. Na kila anapobadilisha, abadilishe kitu kimoja tu, aandike saa aliyokibadilisha, kisha angoje. Maana aliyebadilisha vitu vitano usiku mmoja na asubuhi akakuta mambo yametulia, hajui ni kipi kilichoponya, wala hajui ni kipi kati ya vile vinne vingine kitakachoumiza kesho.

Isidhaniwe kuwa haya ni mambo ya wanyonge wa pwani ya kusini peke yao. Tarehe 21 Aprili 2011 kampuni ya Amazon, katika vituo vyake vya mashariki mwa Marekani, ilikuwa ikiongeza uwezo wa mtandao wa hifadhi inayobeba diski za mashine pepe za wateja wake. Mzigo wa data, ambao ulipaswa kuhamishiwa kwenye kifaa kingine cha mtandao mkuu, ukaelekezwa kwa makosa kwenye mtandao mdogo usioweza kuubeba. Seva za hifadhi zikapoteza mawasiliano baina yao. Na njia ilipofunguliwa tena, kila moja ikadhani kuwa nakala zake zimepotea, zikakimbilia zote kwa wakati mmoja kutafuta nafasi ya kujinakili upya, mpaka nafasi ikaisha, na takriban asilimia 13 ya diski za eneo lile zikakwama. Ilichukua siku kadhaa kuzikwamua, na asilimia 0.07 hazikurudi katika hali ya kuaminika. Zingatieni kwamba hakuna diski iliyovunjika siku hiyo: kilichopotoka ni njia, na kilicholikuza dhara ni pupa ya mashine kujiponya zote kwa pamoja. Kampuni hiyo iliweza kuieleza dunia habari hiyo hatua kwa hatua kwa sababu ilikuwa na kumbukumbu za kila hatua.

Dhara kubwa kupita kuanguka ni kuinuka vibaya. Hifadhi yenye seva mbili tu zinazonakiliana, waya wa baina yao ukikatika, kila moja huweza kujiona ndiye mrithi pekee, ikaendelea kupokea maandishi. Na waya ukirudi, kuna vitabu viwili vyenye kuhitilafiana, na hapana wa kuamua. Watu wa Kilwa hatuhitaji kuchorewa picha ya jambo hilo. Tarehe ya masultani wetu imetufikia kwa njia mbili: iko katika kitabu cha Kiarabu, Kitab as-Sulwa, ambacho Sultani Barghash wa Zanzibar alimpa Mwingereza John Kirk nakala yake, na leo imo maktabani London, na iko katika kitabu cha Mreno João de Barros kilichotoka mwaka 1552. Orodha zao hazilingani, na wanazuoni wangali wakishindana juu ya nani alitawala baada ya nani. Kwa hivyo hifadhi ya mtandao isijengwe kwa mashahidi wawili; iwe na watatu, hata kama wa tatu ni kompyuta ndogo isiyohifadhi data ila kupiga kura tu, ili wakihitilafiana wawili, awepo wa kutimiza akidi.

Wala nakala zinazoandikwa kwa pamoja ndani ya hifadhi moja zisihesabiwe kuwa ni akiba, kwani faili iliyofutwa katika moja hufutwa katika zote, na moto hauchagui. Korea Kusini ni nchi iliyotutangulia mbali katika elimu hii. Hata hivyo tarehe 26 Septemba 2025 moto wa betri za lithiamu katika kituo cha data cha Serikali huko Daejeon uliziteketeza terabaiti 858 za kazi za watumishi wa umma, ambazo hazikuwa na nakala nje ya kituo, kwa kuwa zilionekana ni nyingi mno. Nakala ya akiba ni ile iliyo mahali pengine, na ambayo imewahi kurudishwa kwa majaribio ikafunguka.

Kwa muktadha huo, Waheshimiwa, nawaomba mambo manne, na hakuna hata moja linalodai fedha za wafadhili. La kwanza, itolewe amri ya maandishi kwamba seva iliyoanguka isiwashwe mpaka fundi amepewa muda uliotajwa, tuseme nusu saa, wa kupiga picha skrini, kuandika saa, na kunakili kumbukumbu za swichi na hifadhi, na amri hiyo itiwe sahihi na mkuu wa ofisi mwenyewe, kwa sababu fundi hawashi kwa haraka kwa kupenda kwake, bali kwa kuwa mkuu amesimama mlangoni anauliza, "Bado?" Huduma za dharura za hospitali ziwekewe kanuni yake, kwa kuwa huko roho ya mtu hutangulia ushahidi, na kwa ajili hiyo hiyo, huko ndiko kumbukumbu zinakostahili kutumwa nje tangu mwanzo, ili kuwasha haraka kusizifute. La pili, salamu za seva zitengewe waya wake na swichi yake, mbali na waya wa hifadhi. La tatu, liwepo daftari la maanguko, ambamo kila tukio linaandikwa saa yake, dalili zake, kilichobadilishwa, na sababu iliyothibitika. Na ikiwa haikuthibitika, iandikwe wazi kwamba haijulikani, wala asiandike mtu "umeme" kwa kuwa umeme hauwezi kujitetea. La nne, dirishani pa karani pawekwe utaratibu wa kupokea watu kwa karatasi wakati mfumo haupo, kwa namba ya zamu itakayoheshimiwa mfumo ukirudi, ili aliyevuka maji asirudishwe mikono mitupu.

Daftari hilo la tatu naomba lisomwe katika kikao cha robo mwaka cha halmashauri, kama zinavyosomwa hesabu za mapato, mbele ya madiwani. Diwani wetu hatalazimika kujua iSCSI ni nini. Itamtosha kuuliza ni mara ngapi sababu ile ile imeandikwa, na ni nani aliyepewa kazi ya kuiondoa, na kwa tarehe gani.

Wabillahi tawfiq.

Wenu katika kuitumikia nchi,

Mkazi wa Songo Mnara